Dende yenye inataka kula lakini inaangusha chakula: muangalie meno ya nyuma

yaya_Muhumba (Bukavu)

Bandugu na badada jambo yenu. Naleta hapa mambo ya meno ya dende, wengine munaitaka kobayi ao guinea pig, juu hapa Bukavu batu mingi banafuga, kuko ba kula, kuko ba kuuzisha, na siku hizi kuko na sisi benye tunafuga mu nyumba tu juu ya kumupenda, batoto bamemupa na jina. Alafu ikianza kukonda banasema ni minyoo, ao ni baridi, anapewa dawa ya minyoo, kisha anakufa na hakuna mwenye alimufungua kinywa. Mara mingi shida iko mu kinywa, tena haiko hata ku meno ya mbele yenye munaonaka, iko kule nyuma.

Yetu jina yake ni Kahawa, dume, mukubwa kidogo sasa. Ginsi ilianza: asubui naweka majani ya viazi vitamu, anakimbia vile kawaida, analia wiii wiii, anakamata jani, analivuta ndani, anatafuna upande moja tu na kichwa imeinama, kiisha jani inaanguka chini, imelowana yote na haikukatika. Anakamata ingine, ile ile. Anaenda kukaa mu kona. Ukimuangalia mbio mbio utasema amekula juu alikuwa pale ku sahani saa yote, lakini ukihesabu majani hakuna yenye ilipunguka. Manyoya ya chini ya kidevu ilikuwa imelowana, imeshikana ncha ncha, na ukisogeza pua kuko harufu ya kuoza. Mavi ikawa midogo midogo na mikavu. Hapo njo nataka mukamate muzuri: dende yenye imepoteza hamu haikimbilie chakula, yenye inaumwa meno inakimbilia, inajaribu, inaacha.

Meno yake iko 20. Mbele iko 4, mbili juu na mbili chini, nyuma iko 16, na katikati kuko nafasi wazi yenye haina jino. Yote inaota tu, hata ya nyuma, haisimamake mupaka siku ya kufa, na kitu yenye inaipunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe wakati anatafuna. Sasa ya nyuma haikusimama wima, imelala: ya chini inaelekea ku ulimi, ya juu inaelekea ku shavu. Kama haisagane muzuri, ya juu inakwaruza mashavu, na ya chini inaota kuelekea ndani ndani mupaka inapita juu ya ulimi na kukutana sawa daraja, ulimi unabaki umefungiwa chini. Hapo hata umupe kitu laini namna gani, kumeza haiwezekani.

Ya mbele nayo inaweza kurefuka ao kupinda, mutu akaona akasema njo shida yenyewe, lakini mara mingi imepinda juu ile ya nyuma imesukuma taya na ya mbele haikutane tena. Njo maana nakataa kabisa ile mambo ya kukamata pense ao kikata-kucha na kuikata ku nyumba. Jino inapasuka kwa urefu mupaka ku muzizi, usaa unaingia, na kule nyuma hamujagusa kitu.

Ba veterineri ba hapa banajua sana ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku. Tuliuliza uliza mupaka tukapata mwenye anatunzaka imbwa akakubali. Kwanza akaangalia na kile kikoni cha kuangalia masikio chenye kiko na taa, akakiingiza mu kinywa pole pole, akasema naona kidonda ku ulimi lakini bila kumulaza siwezi kuona yote, juu kinywa ya dende ni nyembamba na mashavu inaingia ndani. Akamulaza, akafungua, akakuta ncha kali ku meno ya chini, akaisaga na kamashine kadogo ka munganga wa meno ya batu kenye aliazima. Hakukata, alisaga. Ya maumivu akamupa meloksikamu, kipimo alikihesabu mwenyewe kufwatana na uzito, na mimi sitaandika kipimo hapa juu kila nyama ana uzito yake na hii si dawa ya kukisia. Alafu akatuambia kweli yote, kwamba meno yenye imeacha njia yake haiponake mara moja, kuko benye banarudi kusagwa kila wiki 4 mupaka 8, na kuko benye banakaa myezi mingi. Nilimushukuru kwa kutuambia vile mbele ya kuanza, si kisha.

Kusaga pekee haitoshe. Kwa maoni yangu chenye kilimuokoa ni kumulisha na seringi. Tumbo ya dende haipashwe kusimama, akipitisha masaa 12 mupaka 24 bila kula uko na mugonjwa wa haraka, hewa inajaa, ini inaharibika, na anaweza kufa na njaa ya tumbo hata meno imeisha kutengenezwa. Na kisha kusagwa haanzake kula siku ile ile, taya imechoka na kinywa inauma, kwa hiyo musimuache eti juu ametoka kwa munganga.

Tunafanya hivi. Kuko unga ya Marekani, Critical Care ya Oxbow, imetengenezwa kwa kazi hiyo, mwenye ako na mutu wa kumuletea alete. Sisi tulilowesha chakula ya punje ya sungura yenye haina dawa ndani mu maji ya moto, tukaipondaponda, tukaongeza majani makavu yenye tulitwanga mu kinu na kuchekecha mupaka ikawa unga. Ikuwe laini ipite mu seringi lakini isikuwe maji. Namufunga mu kipande ya kitenge miguu ndani, namukalisha ku magoti yangu, mugongo yake inagusa tumbo yangu. Kumulaza chali hapana, chakula itaingia mu mapafu. Seringi ni ile ya mililita moja, bila sindano kabisa. Unapitisha upande, pale mu nafasi yenye nimesema haina jino, unasukuma kidogo sana, robo ya mililita, unasimama na kuangalia taya. Akianza kutafuna unangoja amalize njo unasukuma tena. Akigeuza kichwa unamupumuzisha. Hesabu yenye tulipewa ni mililita 50 mupaka 80 kwa kilo moja ya uzito mu masaa 24, ukigawanya mara 5 ao 6, na usiku iko ndani. Ni kazi. Batoto bangu bakubwa balipokezana na mimi na hakuna mwenye alinungunika.

Mwenye ako na uzoefu alete, na mwenye ako na swali aulize.

---

mufugaji_wa_Kabare

Yaya, uko umeandika muzuri, mimi nitasema vile naona huku kijijini. Dende zetu zinakula majani toka asubui mupaka jioni, matete, majani ya shamba, majani ya viazi, ya maharagi. Meno ya kuota hivi sikuonaka mingi. Zile za muji munazipa nini? Maganda ya birayi, bugali, mukate, karoti. Vitu laini. Inameza mbio, haitafune.

Na kitu ingine, sikutukane, lakini kwetu dende ikiacha kula tunaichinja mbio mbele haijakonda. Si ukatili. Tangu vita ya 1996 ng'ombe zilikwenda, mbuzi zilikwenda, dende njo ilibakia mu majumba mingi juu inafichika na inazaa haraka, na ile dende imesomesha batoto, imenunua chumvi na sabuni. Ninaiheshimu kwa hiyo.

---

yaya_Muhumba

Papa, aksanti, na sioni vibaya hata kidogo. Mwenye anafuga juu ya jamaa ale ana haki yake, na kumuchinja haraka ni afazali kuliko kumuacha na njaa wiki muzima mbele ya chakula yenye hawezi kumeza. Mimi naandikia zaidi mwenye hatamuchinja, juu huyo njo anamuachaka ateseke bila kujua.

Na ku majani uko na haki mia kwa mia. Jani la nyasi liko na kitu kigumu ndani, silika, njo inasaga meno, na tena linaomba kutafunwa muda murefu na taya inatembea upande na upande. Karoti hata ikuwe ngumu namna gani anaivunja na meno ya mbele, nyuma inapita kidogo tu.

---

veto_Lshi (Lubumbashi)

Jambo bote. Mimi ni mwanafunzi wa veterineri hapa UNILU, université ya Lubumbashi, niongeze mambo mbili zenye naona zinakosekana, na ya kwanza ni vitamini C.

Dende ni sawa na mutu, mwili yake haitengeneze vitamini C, lazima aikule kila siku. Sungura anatengeneza yake, njo maana chakula ya sungura pekee haitoshe, hata kama ni chakula muzuri, na yaya ukimulisha ile punje na seringi uongezeke vitamini C pembeni. Ikikosekana, ile kamba kamba yenye inashika jino mu mufupa inalegea, fizi inatoka damu, jino inacheza, inauma, anaacha kutafuna upande ule, na akiacha kutafuna meno inaota. Kwa hiyo unaweza kusaga ukasaga tena na shida irudi, juu musingi yake ni vitamini. Mwaka 1907 kule Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich balikuwa banalisha dende nafaka tu, dende zikapata kiseyeye, ugonjwa wa bamaria ba zamani. Hapo njo ilionekana wazi mu nyama kama kiseyeye inatoka ku chakula. Soma hiyo kisha uangalie mutu mwenye anapa dende yake bugali na mukate tu.

Kipimo ya kila siku ni miligramu 10 mupaka 30 kwa kilo, na mugonjwa ao mwenye mimba tunaenda kule juu ya 30. Munaweza kutumikisha vitamini C ya famasi yenye haina bintu vingine ndani: kinini ya miligramu 500 mu mililita 10 za maji, hapo kila mililita iko na 50, nusu mililita iko na 25. Mutengeneze mupya kila siku, yenye imebaki mumwange. Kuiweka mu maji yake ya kunywa hapana, inaharibika na mwangaza na chuma, tena hujui alikunywa ngapi, na maji ikibadilika ladha anaweza kukataa kunywa kabisa. Lakini muzuri zaidi ni chakula. Mapera! Pera moja iko na vitamini C kupita machungwa mara mingi. Papayi kidogo, pwavroni, majani mabichi ya shamba. Matunda ikuwe kidogo juu ya sukari.

Ya pili ni dawa za antibiotike, nitaandika kwa herufi kubwa: AMOKSISILINI, AMPISILINI, PENISILINI YA KUNYWA, ERITROMISINI, KLINDAMISINI HAPANA KWA DENDE. Zinaua bakteria nzuri za tumbo, mbaya zinabaki pekee, zinatoa sumu, dende anaharisha na kufa mu siku chache. Kwa penisilini hii ilijulikana tangu 1943. Kama kuko usaa veterineri atachagula ingine, sana sana enrofloksasini ao trimetoprimu na sulfa.

---

mama_batoto_Birere (Goma)

Veto Mungu akubariki kwa hiyo ya pili. Jirani yangu hapa dende ya mutoto wake ilivimba shavu, akaenda famasi ya karibu akaeleza, wakamuuzia sirop ya amoksisilini ya watoto, bila hata kuuliza ni nyama gani. Ilipewa kwa roho nzuri kabisa. Ikaharisha usiku kucha, haikufika siku ya tatu. Mutoto alilia sana na mama yake mupaka leo anajiuliza ni nini, sasa nitaenda kumueleza polepole, nazani atapumzika akijua haikuwa ubaya wake juu hakuna mwenye alimuambia.

Swali langu: huku kwetu Goma ni mawe ya volkano, nyasi haiko mu parsele. Tunanunua sombe na lengalenga sokoni kwa ajili yetu, je naweza kumupa hizo? Na je nimuwekee kipande cha mbao atafune meno ipungue?

---

yaya_Muhumba

Dada, sombe mbichi hapana, iko na sumu yake yenye sisi tunaitoa kwa kutwanga na kupika muda murefu. Lengalenga kidogo kidogo tu, si kila siku, inaweza kuleta mawe mu kibofu. Majani ya birayi na birayi yenye imekuwa kijani ao imeota, hapana. Avoka hapana, si tunda, si ganda, si jani. Majani ya viazi vitamu ndiyo, majani ya mahindi ndiyo, na ile ngozi ya kijani yenye inafunika hindi bichi wanaipenda sana na inaomba kutafuna.

Nyasi utafute benye banakata majani ya ng'ombe na sungura, banapitaka na mafungu ku kichwa. Nunua fungu kubwa, atakula mbichi leo, ingine unaitandaza mu kivuli penye hewa inapita, si ku jua kali, ikauke ibaki na rangi ya kijani. Nyasi kavu yenye haikuoza wala kuota kuvu inakaa muda murefu na kwa meno ni yenye nguvu. Inapashwa kuwa mbele yake saa yote, usiku na muchana, ile mambo mingine ni nyongeza. Uangalie tu isikatwe ku kandokando ya barabara penye magari inapita na moshi.

Mbao atakwaruza na meno ya mbele, anafurahi, haina ubaya kama haina rangi wala dawa. Ya nyuma haiiguse.

---

kijana_Bagira

Kuuliza: niko na dende 3 pamoja, nitajua namna gani moja hakule, juu chakula inaisha tu?

---

yaya_Muhumba

Mizani, mudogo wangu. Ile mizani ya jikoni yenye inapima gramu, umuweke mu kisanduku ao basini ndogo, kila wiki, siku moja ileile, mbele ya chakula, uandike mu kadaftari. Macho inadanganya juu manyoya inaficha mifupa, gramu haidanganye. Dende wa kwetu huku wengi ni badogo kuliko ba Ulaya, kwa hiyo usitafute uzito wa intaneti, fwata uzito yake mwenyewe. Akipoteza gramu 50 anza kumuangalia karibu na kumupima kila siku, akifika 100 usingoje tena.

Na wakati bote banakula pamoja kaa chini uangalie dakika kumi, telefone weka pembeni. Mpe kila moja jani lake refu la nyasi. Mwenye ako muzima jani linaingia moja kwa moja bila kusimama, unasikia kruu kruu. Mwenye anaumwa anachagula yenye ni laini, anaacha nyasi, ao anaingiza jani na kulirudisha.

---

mama_batoto_Birere (Goma)

Aksanti dada. Sasa nimegusa taya ya yetu hapa na vidole, chini kuko vinundu vidogo viwili ngumu, upande wa kuume na wa kushoto, haonekani kuumia, anakula. Ni usaa?

---

veto_Lshi

Mama, muzuri umegusa. Usaa sana sana unakuwa upande moja, unaota haraka, na akiguswa anakataa. Vinundu bidogo pande zote mbili, ngumu sawa mufupa, binaweza kuwa mizizi ya meno. Jino ikikosa nafasi ya kuota juu, muzizi inasukuma chini mu mufupa wa taya, na ile ya juu inasukuma kuelekea jicho, njo maana wengine banakuja na jicho linatoa machozi ao limetoka inje na mutu anatibu jicho myezi. Kujua kabisa inaomba radio ya kichwa, ile picha ya mifupa. Kama haiko karibu, muanze leo kumupima uzito, nyasi ikuwe mingi, vitamini C kila siku, na veterineri amuguse mbele haijakuwa kubwa.

Kama kweli ni usaa, musipasue na wembe. Usaa wa dende ni muzito, hautiririke, uko ndani ya kifuko, na muzizi wa jino mubovu unabaki mule. Inaomba kutoa kifuko chote, mara ingine na jino, na ni upasuaji mugumu.

---

mufugaji_wa_Kabare

Sasa mimi nauliza ile yenye hakuna anauliza. Wakati gani munaacha?

---

veto_Lshi

Papa ni swali ya haki. Ba mwalimu banatufundisha kuangalia nyama mwenyewe, si mwenye nyama. Kama kisha kusagwa na dawa ya maumivu anarudi kutafuna nyasi peke yake, hata kama atarudi kusagwa kila mwezi, maisha yake iko muzuri na munaendelea. Kama mizizi imeingia mu jicho, ao usaa unarudi rudi mu mufupa, ao anaishi ku seringi tu na uzito inashuka vilevile, hapo tunamusaidia alale bila maumivu, na veterineri, na dawa.

---

yaya_Muhumba

Ninakubali, na nilishawaambia batoto vile, mapema, wakati Kahawa ako bado anakula, juu si vizuri basikie mara ya kwanza siku ile.

Kijana_Bagira, ukinunua mizani uangalie iwe yenye inaonesha gramu moja moja, kuko zingine ku soko Kadutu zinaruka tano tano, hizo haziko sawasawa sana. Mama wa Birere, andika hapa uzito ya leo, alafu ya wiki ijayo, tufwatilie pamoja.